Muulize mwalimu: hawezi hatua ipi?

Mama mmoja alinifuata kitengo maalumu ninakofundisha, mkononi ana karatasi ya vipimo vya akili vya mwanawe aliyoikunja mara nne. "Mwalimu, wameandika 52. Huyu atasoma kweli?" Nikamjibu kwamba hapana, tutamfundisha usafi na kufuma mikeka. Sikusita hata kidogo. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini na ile namba niliiamini kama jiwe la mizani.

Sasa sikieni habari za hilo jiwe. Kule Marekani, kuanzia 1959, chama cha wataalamu wa fani hii kiliweka mstari kwenye alama 85 hivi; aliye chini yake angeweza kuhesabiwa kuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1973 wakaushusha hadi 70. Kwa hesabu ya alama peke yake, watu 16 katika kila 100 wakabaki kama 2, na hakuna aliyekunywa dawa. Mwaka 1992 chama hichohicho kikaacha kuwapanga watu kwa madaraja ya ulemavu mdogo na mkubwa, kikaanza kuuliza mtu anahitaji msaada gani, na kwenye jambo lipi. Hata mwanasaikolojia Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza cha akili cha namna hii Ufaransa mwaka 1905 akishirikiana na daktari Théodore Simon, alikusudia kiwatambue watoto wa kusaidiwa shuleni, na alikataa kabisa kwamba akili haikui.

Mimi haya niliyajua baada ya kuaibika. Siku moja nilipita kwenye genge la yule mama, nikamkuta mwanawe, yule wa 52, anauza nyanya. Fungu la mia tano na la elfu hachanganyi, na chenji ya noti ya elfu mbili anarudisha sawasawa. Nikaenda kuomba makasha matupu ya kumfundishia kusoma duka la Mangi: CHUMVI, UNGA, SABUNI. Mwaka ulipoisha alikuwa anasoma maneno kumi na manne, yote ya dukani.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kipimo chochote cha akili, mpeleke mtoto akapimwe macho na masikio. Ukipewa majibu, omba waandike pia anachoweza kufanya na msaada anaohitaji. Wakiandika "mtindio wa ubongo", uliza wana maana gani: huo ni ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo, lakini jina hilo wanabandikwa hata watoto ambao viungo vyao havina tatizo lolote.

Nyumbani, kazi ikatwekatwe hatua ndogondogo. Yule mama alisema mwanawe hawezi kupika chai. Tukaiandika: kuchota maji, kuweka sufuria, kuwasha jiko, majani, sukari, hadi kumimina, hatua tisa. Tulimwangalia siku tatu mfululizo. Nane alizifanya, pamoja na kuonja sukari zaidi ya inavyotakiwa. Iliyomshinda ni kiberiti.

Mpaka leo dada yake ndiye anayemwashia kiberiti, chai anapika yeye.