Hujui usomee nini chuo? Soma hii kabla ya kujaza fomu

Kila UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wakitoa matokeo ya S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) simu yangu haitulii, wadogo zangu wa Arua wanauliza kaka nijaze kozi gani, na wengi wanaona aibu kusema kwamba hawajui wanataka nini. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilimaliza na HEG (historia, ekonomiki, jiografia), baba mdogo anasema sheria, mama anasema ualimu sababu mwalimu hakosi kazi, na mimi sikuwa na jibu la kuwapa.

Huku kwetu si kama Marekani, kule mtu anaweza kukaa mwaka hata miwili chuoni ndo aseme anasomea nini. Hapa fomu inataka jina la kozi kabla hujakanyaga chuo. Ila kuna kozi pana zinazokupa nafasi ya kupumua. Mimi nilijaza B.A. pale Makerere, mwaka wa kwanza unabeba masomo matatu halafu unapunguza, nikachukua ekonomiki, jiografia na Kiswahili.

Ila kwanza piga hesabu ya pointi, hii watu wanaipuuza sana. A ni 6, B ni 5, C ni 4, inashuka hivyo hivyo mpaka O ambayo ni 1, lakini chuo hakijumlishi tu, kila kozi ina masomo yake ya lazima yanazidishwa mara 3, yanayohusiana mara 2, mengine mara 1 au hata nusu. Kwa hiyo A yako ya ekonomiki inaweza kuwa 18 kwenye kozi moja na 6 kwenye nyingine. Mtu analia amekosa pointi kumbe amejaza kozi ambayo masomo aliyofaulu haiyajali. Na sheria pale Makerere ina mtihani wake wa kuingilia kabisa, hiyo baba mdogo hakuwa anaijua.

Ukishaingia, zunguka. Kumbi za lekcha ni kubwa, watu wamejaa mpaka mlangoni, nani atajua we si wa kozi hiyo? Nilikuwa naingia lekcha za watu, takwimu, saikolojia, mawasiliano, nakaa nyuma na rolex yangu (chapati iliyoviringwa na mayai) ya Wandegeya, hapo jirani na chuo, nasikiliza. Saikolojia nilikuwa naipenda kwa jina tu, ndani nikasinzia.

Jiografia ndo ilinishika na sikuitegemea kabisa, nilidhani ni mvua na milima ile ile ya S.4, siku moja wakatuweka kwenye kompyuta tuchore ramani kwa GIS, programu ya kupanga taarifa juu ya ramani, unaweka barabara, juu yake visima, juu yake shule, unaona kijiji gani kimeachwa, na nikajikuta bado niko pale wenzangu wameshaenda kula. Jirani yangu kwenye zoezi hilo hilo alikuwa anaangalia saa tu. Mtu wa West Nile, upande wetu wa Arua, anaelewa haraka maana ya kazi hiyo, kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi kule Yumbe ilifunguliwa 2016 ikajaza watu zaidi ya laki mbili, sasa bila ramani utajuaje nani anatembea mbali kufuata maji?

Ndo maana nasema usimuulize mtu wa mwaka wa tatu kama kozi yake ina kazi, atakudanganya au atakutisha. Muulize jana usiku alikuwa anafanya nini. Akisema alikuwa anasoma kesi mpaka saa nane au anatafuta kosa kwenye hesabu za watu, jiangalie, we ungekaa?

Kubadilisha kozi inawezekana, ila dirisha ni wiki za mwanzo tu, unalipia, na lazima pointi zako ziwe zinafika kwenye hiyo kozi mpya. Kwa hiyo kuzunguka lekcha kuanze wiki ya kwanza, usingoje ritake (kurudia mitihani uliyofeli) zikufundishe.

Wazazi usiwaambie "sijui" tu, watapaniki. Mpe mzee majina ya masomo na kazi zake. Mama yangu alitulia aliposikia kwamba na jiografia yangu bado naweza kufundisha nikiongeza diploma ya ualimu baada ya digrii.

Na kabla hujalipa hata shilingi, hasa kwenye vyuo vipya hivi, angalia orodha ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kama kozi yenyewe ina kibali na hakijaisha, chuo kuwa na kibali peke yake haitoshi.