Kwa nini jeli ya mwani hukatika?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wakulima wa mwani hapa Tanga tukiuchemsha hupata jeli inayokatika upesi. Je, inaweza kuimarishwa?

JIBU: Ndugu msomaji, jeli ni maji yaliyonaswa katika wavu wa minyororo ya molekuli, na wavu ukiwa mmoja tu, ufa ukianza hutambaa bila kizuizi. Mwaka 2003 Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walifuma pamoja nyavu mbili: mmoja mgumu, unaovunjika kwanza na kumeza nishati, na mwingine laini, unaovutika na kuishikilia jeli yote, ambayo (ajabu kweli) kwa sehemu kubwa ni maji. Kwenu, ikiwa mwani wenu ni wa aina ya kotonii (si spinosamu, aina nyingine ya mwani ambayo hutoa jeli laini zaidi), chumvi ya potasiamu huukaza wavu.