Jibu: Nina vyanzo 14 lakini insha haisogei

Habari ndugu. Umesema una makala 14 kuhusu simu darasani, umeandika kurasa tatu, na mwalimu amekurudishia akiuliza "hoja yako iko wapi?" Yalinikuta hayo hayo.

Kabla ya kutafuta chanzo kingine, kagua sentensi yako ya msimamo, yaani ile inayosema unatetea nini: kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuipinga? Yangu ilikuwa "simu zina faida na hasara". Nani abishane na hilo? Nikaibadili: "Simu zizuiwe wakati wa kipindi, ziruhusiwe mapumzikoni." Hapo nusu ya makala zangu zikajitoa zenyewe, maana hazikugusa hoja hiyo. Makala iliyonipinga vikali, ambayo nilitaka kuificha (aibu tupu), ndiyo ikanipa aya nzuri kuliko zote, maana ilibidi niijibu.

Na kuhusu mtindo wa marejeo, yaani namna ya kuorodhesha vyanzo vyako, muulize mwalimu wako.