Maswali ya Wasomaji: Jodari, Samaki Asiyetulia

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mvuvi wa mshipi, alizoea kutuambia kwamba jodari hana usingizi na kwamba akisimama tu hufa. Mimi pia hushangaa kuona nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, ilhali ya changu na tasi ni nyeupe. Je, maneno ya babu yana ukweli?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salamu. Babu yako, Mungu amrehemu, alisema kweli, na hayo mambo mawili unayoyauliza yana asili moja. Changu huweza kutulia kando ya jiwe, akawa anafungua na kufunga kinywa ili kuyasukuma maji yapite kwenye matamvua. Jodari hawezi kuyasukuma maji ya kumtosha kwa namna hiyo. Hupata oksijeni kwa kwenda mbele kinywa kikiwa wazi, maji yakaingia na kutoka kwa nguvu ya mwendo wake mwenyewe. Tena mwili wake ni mzito kuliko maji, na mapezi yake ya kifuani humbeba kama mabawa yanavyombeba ndege, kwa hiyo akipunguza mwendo mno huanza kuzama. Ama kuhusu usingizi, hana kope za kufumba, na kama anapumzika, basi hupumzika akiwa safarini.

Msuli unaofanya kazi usiku na mchana hauwezi kuwa mweupe. Ndani yake imo myoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoihifadhi oksijeni, nayo ndiyo inayotia wekundu. Ukimkata jodari pande la mviringo, utaona karibu na uti wa mgongo sehemu iliyoiva rangi hadi kufanana na ini, ambayo kwetu sisi huishia kwa paka. Hiyo ndiyo nyama ya safari, inayompeleka mwendo wa kawaida siku zote. Nyama ya rangi nyepesi inayoizunguka, ile tunayoigombania mezani, ni ya mbio za ghafla anapofukuza dagaa, ngisi na samaki warukao.

Kuna jambo jingine ambalo bila shaka babu yako alilijua kwa mkono: jodari aliyetoka majini sasa hivi ana joto ndani. Samaki walio wengi huwa na joto lile lile la maji waliyomo, lakini kwa jodari, mishipa inayotoa damu yenye joto kwenye msuli imepangwa ubavu kwa ubavu na ile inayoleta damu baridi kutoka kwenye matamvua, hata joto likahama kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine na kurudi mwilini kabla ya kupotelea baharini. Msuli wenye joto hujikunja upesi, na mwindaji wa bahari kuu, asiye na jiwe la kujificha nyuma yake, hana silaha nyingine isipokuwa wepesi huo. Nenda dikoni umtazame: pezi lake la kwanza la mgongoni hulala ndani ya mfuo maalumu, na ukipitisha kidole juu yake hutalihisi.

Nyinyi wa Pemba mmebahatika. Mkondo unaokitenga kisiwa chenu na bara una kina cha takriban mita 800, wakati ule wa Unguja ni wa makumi machache tu ya mita. Ndiyo maana samaki wa maji makuu hupita karibu na pwani yenu.

SWALI: Mchuuzi aliniuzia sehewa akidai ni jodari mdogo. Nitawatambuaje?
Msomaji, Mkokotoni, Unguja

JIBU: Tazama chini ya pezi la kifuani: sehewa ana madoa machache meusi, na mgongoni ana michirizi iliyopinda. Jodari tunayemzungumzia hana hayo, na vipezi vidogo vilivyojipanga kuelekea mkiani ni vya manjano. Sehewa naye ni samaki mzuri, ila bei iwe yake.

SWALI: Baada ya kula jodari wa nazi niliwashwa mwili mzima, uso ukawa mwekundu na kichwa kikaniuma. Nilimpika vizuri sana. Jirani anasema damu ya jodari ni kali. Ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Mwanakwerekwe

JIBU: Pole, mama. Damu haina kosa. Nyama ya jodari ina kwa wingi histidini, kijenzi kimoja cha protini, ambayo humsaidia kuvumilia uchovu wa mbio, lakini samaki akiachwa juani au chomboni bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta muwasho, wekundu na maumivu ya kichwa kama hayo yako. Kwa kuwa hutolewa majini akiwa tayari na joto, tena baada ya kupambana na mshipi, jodari humwadhibu mvuvi mzembe mapema kuliko samaki wengine. Moto wa jikoni huua bakteria, lakini hauiondoi histamini iliyokwisha kutengenezwa. Wala pua haisaidii, kwani samaki huyo huweza kunukia vizuri kabisa, na pengine dalili pekee ni ladha ya kuchoma ulimini mfano wa pilipili. Dawa yake iko chomboni: kumtoa matumbo mara moja na kumfukia kwenye barafu mpaka sokoni. Mchuuzi asiyekuwa na barafu saa sita mchana, mpite.

Mara nyingi hali hiyo hupoa yenyewe ndani ya saa chache, lakini pumzi ikibana nenda hospitali bila kungoja. Waulize pia waliokula nawe chungu kimoja: nao wakiwa waliwashwa, tatizo lilikuwa la samaki yule, ukiwa uliwashwa peke yako, huenda ni mzio, na hapo umwone daktari kabla hujala jodari tena.