Maswali na majibu: Rais wa chama hiki, Bunge la chama kile

Wiki mbili zilizopita niligusia, tena kwa aya moja tu, hali ya nchi kuwa na rais wa chama kimoja huku Bunge likiwa mikononi mwa wapinzani wake. Maswali yamemiminika. Marefu nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

"Wananchi walewale, siku ileile, wanampa urais mtu wa chama hiki halafu Bunge wanalipa chama kile? Walikuwa wamelewa?" (Msomaji, Mbeya)

Hawakuwa wamelewa, na mara nyingi hata si siku ileile. Marekani, rais huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435, huchaguliwa lote kila baada ya miaka 2, na Seneti yenye wajumbe 100 hubadilishwa theluthi kwa theluthi. Kwa hiyo rais akiwa katikati ya muhula wake, bei zimepanda na ahadi hazijatimia, wapiga kura wanapata nafasi ya kumchapa bila kumgusa mwenyewe. Clinton yalimkuta 1994, Obama 2010, Trump 2018, Biden 2022.

Lakini hata siku ileile hutokea. Mwaka 1972 Richard Nixon wa Republican alishinda majimbo 49 kati ya 50, na bado mabaraza yote mawili yakabaki kwa Wademocrat. Watu walimtaka Nixon Ikulu, na kwao walimtaka mbunge wao waliyemzoea. Sisi tuliozoea kampeni za mafiga matatu, ambapo rais, mbunge na diwani lazima watoke chama kimoja la sivyo chungu kitamwagika, jambo hilo linatutatiza. Mmarekani wa enzi hizo hakuliona geni kabisa. Siku hizi, lakini, wanaochanganya kura namna hiyo wamepungua sana.

"Serikali 'kufungwa' maana yake nini? Askari wanarudi nyumbani?" (Msomaji, Tanga)

Askari harudi nyumbani. Anabaki kazini, ila mshahara unaweza kusimama. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na serikali haina ruhusa ya kutumia hata senti ambayo Bunge halijaidhinisha kwa sheria. Zamani muda ukipita bila bajeti, idara ziliendelea na kazi kwa imani kwamba fedha zitakuja. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu, Benjamin Civiletti, akasema hapana, sheria ni sheria: bila idhini, ofisi ifungwe, isipokuwa zile za kulinda maisha na mali. Tangu hapo kila ugomvi wa bajeti una makali.

Ule wa Desemba 2018 ulitokana na ukuta wa mpaka wa Mexico. Trump alitaka dola bilioni 5.7. Ulianza chama chake kikiwa bado na mabaraza yote mawili, ukaendelea Wademocrat walipokabidhiwa Baraza la Wawakilishi Januari 2019, na ukafika siku 35. Wafanyakazi kama 800,000 hawakulipwa. Wakaguzi wa mizigo viwanjani walikuwa wakienda kazini bila malipo, na wengine wakapanga foleni ya chakula cha msaada. Tarehe 25 Januari waongoza ndege walipungua kiasi kwamba uwanja wa LaGuardia, New York, ulisimamisha kwa muda ndege zilizokuwa zinaingia. Siku hiyohiyo makubaliano yakapatikana. Wanasiasa walivumilia foleni za watu wengine. Ndege zilipowagusa na wao, mambo yakaenda haraka.

Ila tusiulaumu mgawanyiko kwa kila kitu. Mwaka 2025 serikali ilifungwa siku 43, na Republican walikuwa na Ikulu, Baraza na Seneti. Tatizo ni kwamba Seneti inahitaji kura 60 ili kufunga mjadala na kupitisha muswada wa aina hiyo, nao hawakuwa nazo.

"Basi kumbe hakuna kinachopita, ni kuviziana tu." (Msomaji, Morogoro)

Ninafurahi swali hili limetoka Morogoro, maana jibu linapita Mazimbu, pale walipoishi na kusoma vijana wa ANC waliokimbia Afrika Kusini.

Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan hakutaka vikwazo vizito dhidi ya utawala wa makaburu. Baraza la Wawakilishi lilikuwa la Wademocrat, Seneti ya Republican. Mabaraza yote mawili yakapitisha muswada: kupiga marufuku uwekezaji mpya, kuzuia makaa ya mawe, urani, chuma na nguo za Afrika Kusini, kuzizuia ndege zake zisitue Marekani. Tarehe 26 Septemba Reagan akapiga kura ya turufu. Ili kuishinda turufu hiyo zilihitajika theluthi mbili katika kila baraza.

Hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Kiongozi wa mapambano ndani ya Seneti alikuwa Richard Lugar, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, Mrepublican, mtu wa chama cha Reagan mwenyewe. Waziri wa Mambo ya Nje wa Afrika Kusini, Pik Botha, akawapigia simu maseneta wa majimbo ya wakulima, akiwatisha kwamba vikwazo vikipita, nchi yake haitanunua tena nafaka ya Marekani. Lugar aliwaka, akaitangaza simu hiyo hadharani kuwa ni vitisho na rushwa. Baraza likapiga kura 313 kwa 83, na Seneti tarehe 2 Oktoba 78 kwa 21. Kati ya hao 78, Warepublican walikuwa 31.

Chukua na mengine. Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya ulipita 1948, Truman akiwa Mdemocrat na Bunge likiwa la Republican, Bunge lilelile ambalo Truman alizunguka nchi nzima akilitukana kuwa halifanyi kazi. Sheria ya AGOA, iliyofungua soko la Marekani kwa nguo zinazoshonwa Athi River, Kenya, ilitiwa saini na Clinton mwaka 2000 akiwa na Bunge la wapinzani. Fedha za kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria kupitia mpango wa Marekani wa PEPFAR ziliongezwa hadi dola bilioni 48 mwaka 2008, Bush akiwa Republican na Bunge la Wademocrat. Kwa hiyo vinapita. Vinavyopita ni vile ambavyo kila upande umeona utapata cha kwenda nacho jimboni.

Kinachokwama kwa urahisi ni uteuzi, maana hauna nusu kwa nusu. Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki Februari 2016, Obama akamteua Merrick Garland kumrithi mwezi uliofuata, na Seneti ya Republican haikumpa hata kikao cha kumhoji.

"Wafaransa nao wana hali hiyo?" (Msomaji, Arusha)

Wameipitia mara 3 tangu Katiba yao ya 1958: 1986 hadi 1988, 1993 hadi 1995, na 1997 hadi 2002. Tofauti ni kwamba kule waziri mkuu lazima avumiliwe na Bunge, hivyo rais aliyeshindwa bungeni humteua mpinzani wake na wanaishi nyumba moja. Rais Mitterrand na waziri mkuu wake mpinzani, Chirac, walikwenda wote wawili kwenye mkutano wa mataifa tajiri mjini Tokyo, Mei 1986, kila mmoja akihakikisha mwenzake hasemi peke yake kwa niaba ya Ufaransa. Julai mwaka huo Mitterrand akagoma kusaini amri za ubinafsishaji za Chirac, naye Chirac akazipeleka bungeni zikapita kama sheria. Baada ya kuchoka, Wafaransa walipunguza muhula wa rais kutoka miaka 7 hadi 5 kwa kura ya maoni ya 2000, ili chaguzi mbili zikaribiane.

"Tuseme ikitokea Tanzania. Katiba inasemaje?" (Wasomaji kadhaa, Dar es Salaam na Mwanza)

Haijawahi kutokea. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, CCM imeshika urais na Bunge kila mara. Lakini Katiba ya 1977 ina majibu, na yanashangaza kidogo.

Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi zaidi, kisha Bunge limthibitishe. Maana yake, Rais wa chama A mwenye Bunge la chama B atalazimika kumweka mtu wa B, kama Ufaransa. Lakini ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale sheria inapomtaka afanye hivyo. Tungekuwa na Waziri Mkuu anayesimamia shughuli za kila siku za serikali chini ya bosi asiyelazimika kumsikiliza. Sina hakika kama walioandika waliwahi kuifikiria picha hiyo.

Bajeti je? Ibara ya 90 inampa Rais ruhusa ya kulivunja Bunge likikataa bajeti. Muswada aliourudisha ukipitishwa tena kwa theluthi mbili, ibara ya 97 inampa siku 21: ausaini au alivunje Bunge. Wengi huishia hapo na kusema, basi Rais ana rungu. Someni na ibara ya 38. Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, uchaguzi wake unafanyika. Rungu hilo likipigwa linampiga na aliyelishika. Kwa maoni yangu ni kifungu kizuri kuliko vyote nilivyovitaja, na hakijawahi kutumika katika ugomvi wa namna hiyo.

"Sisi huku tulikuwa na rais Tshisekedi na wabunge wa Kabila. Mbona haikudumu?" (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sababu wabunge walihama, na kwa nini walihama ndiyo hoja yenyewe.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Félix Tshisekedi aliapishwa Januari 2019, huku muungano wa FCC wa Joseph Kabila, rais aliyemtangulia, ukiwa na viti zaidi ya 330 kati ya 500. Serikali ilichukua miezi 7 kuundwa: mawaziri 42 wa FCC na 23 wa upande wa rais, na Waziri Mkuu, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa Kabila. Mwaka mzima ulikuwa wa kuvutana. Oktoba 2020 rais akaapisha majaji 3 wapya wa Mahakama ya Katiba, upande wa Kabila ukasusia sherehe. Tarehe 6 Desemba akatangaza kuuvunja ushirika na kutafuta wingi mpya, akidokeza kwamba usipopatikana, wananchi wataitwa tena kupiga kura. Bungeni viti viliruka, kwa maana ya viti vya kukalia. Siku 4 baadaye Spika Jeanine Mabunda aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Januari 2021 ikawa zamu ya Ilunkamba.

Hakuna uchaguzi uliofanyika katikati. Ni wabunge walewale. Mbunge aliyetumia fedha nyingi kupata kiti hataki kusikia neno "kuvunja Bunge", na anajua pia kwamba uwaziri na ukurugenzi hugawiwa Ikulu. Lugar angeweza kumpinga Reagan asubuhi na jioni akalala usingizi, kwa kuwa Ikulu haikuwa na cha kumnyima: waliomtuma ni watu wa jimbo lake la Indiana, na kura za mchujo zilipigwa kwao. Pale riziki ya mbunge inapotoka kwa rais, mgawanyiko huyeyuka kabla haujauma. Tanzania tuliwahi kuwaona wabunge wa upinzani wakijiuzulu "kuunga mkono juhudi" za rais wakati hata wingi wa Bunge haukuwa unatafutwa.

"Nusu mkate yetu ya 2008 ndiyo hiyo unayoieleza?" (Msomaji, Nakuru)

Nusu mkate, yaani serikali ya pamoja ya Kibaki na Raila, si hiyo, ingawa ilianzia hapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Mwai Kibaki alikuwa Ikulu, lakini bungeni ODM ya Raila ilikuwa na viti 99 na PNU yake 43. Tarehe 15 Januari 2008, nchi ikiwaka moto, wabunge walikutana kumchagua Spika. Raundi ya tatu Kenneth Marende wa ODM akampita Francis ole Kaparo, 105 kwa 101. Kwa wiki chache hizo Kenya ilikuwa na mgawanyiko kamili. Mkataba wa Februari ukaumaliza kwa kumwingiza Raila Odinga serikalini kama Waziri Mkuu; kuanzia hapo ugomvi ukahamia ndani ya baraza la mawaziri. Aprili 2009 ukarudi bungeni: Kibaki na Raila walimwandikia Spika barua mbili tofauti, kila moja ikitaja kiongozi wake wa shughuli za serikali. Marende akazikataa zote, akaamua kuiongoza kamati husika yeye mwenyewe kwa muda.

Mwaka 2022 ilikaribia tena. Azimio, muungano wa Raila, ilidai wingi wa Bunge la Taifa, Spika Wetang'ula akaamua Oktoba kwamba walio wengi ni Kenya Kwanza ya Rais Ruto, kwa kuwa vyama kadhaa vilikuwa vimeshavuka. Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo Februari 2025, na Spika akarudi na hesabu yake ileile kwa maelezo mapya. Jibu la Lubumbashi linatosha na hapa.

"Na Zanzibar? Maalim Seif hakuwa mpinzani ndani ya serikali?" (Msomaji, Wete)

Alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kuanzia 2010, kwa marekebisho yaliyofuata kura ya maoni ya Julai mwaka huo. Hiyo ni serikali ya pamoja. Rais na Baraza la Wawakilishi (lenu, si la Marekani) vilibaki kwa CCM. Ila hesabu za mwaka ule zilikuwa nyembamba: Dk. Shein wa CCM alishinda urais kwa asilimia 50.1, na katika majimbo 50, CCM 28 na CUF ya Maalim Seif 22. Majimbo manne tu yangeangukia upande wa pili, CUF ingekuwa na wingi wa majimbo chini ya rais wa CCM, na kilichobaki kingeamuliwa na viti maalum na wale ambao rais mwenyewe anawateua.