Maswali na majibu: Vyama vya wafanyakazi Marekani vilitofautiana wapi?

Knights of Labor na AFL (American Federation of Labor, shirikisho la vyama vya wafanyakazi) vyote vilitetea wafanyakazi. Mbona havikupatana? (Msomaji, Morogoro)

Havikukubaliana nani aingie. Knights of Labor, kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1869, kilipokea mafundi na vibarua, wanawake na watu weusi, kikaota viwanda vya ushirika. Kufikia 1886 kilikuwa na wanachama wapatao 700,000. Wachina tu kiliwafungia mlango, na doa hilo halifutiki. AFL, iliyozaliwa mwaka huohuo chini ya Samuel Gompers, msokota sigara, iliunganisha vyama vya mafundi, kila fani na chama chake. Madai yake yalikuwa ya karibu: mshahara, saa nane za kazi, mkataba.

Nani alikuwa sahihi? (Mombasa)

Kwa kudumu, Gompers. Fundi akigoma, mwajiri hapati mwingine kesho yake. Knights waliporomoka haraka baada ya bomu kurushiwa polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago, Mei 1886, kwa sababu lawama ziliwaangukia hata wasiohusika. Lakini vyama vingi vya AFL viliwabagua weusi, na kibarua wa kiwandani akabaki hana mtetezi. Siwezi kuuita huo ushindi kamili.

IWW (Industrial Workers of the World, chama kingine cha wafanyakazi) walikuwa watu wa fujo tu? (Dodoma)

Sivyo kabisa. Walianza Chicago mwaka 1905 wakitaka chama kimoja cha wafanyakazi wote. Tazama Lawrence, Massachusetts, 1912: sheria ilipunguza saa za kazi kutoka 56 hadi 54 kwa wiki, wenye viwanda vya nguo wakapunguza na malipo. Wahamiaji wa mataifa mengi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waligoma kwenye baridi kali. Baadhi ya watoto walipelekwa New York wakatunzwe na familia nyingine. Wakapata nyongeza! Kilichowaponza IWW ni kukataa mikataba ya muda maalumu. Mgomo ulipokwisha, chama pale kikadhoofika.

Basi vibarua wa viwandani walipata chama lini? (Eldoret)

Miaka ya 1930. John L. Lewis wa wachimba makaa ya mawe aliongoza kuundwa kwa CIO, muungano wa vyama vya wafanyakazi wa viwandani, mwaka 1935. Huko Flint, Michigan, wafanyakazi walikaa ndani ya viwanda vya General Motors siku 44, hadi Februari 1937 kampuni ikakitambua chama chao. AFL na CIO ziliungana mwaka 1955.

Kuna uhusiano na kwetu? (Nairobi)

Upo. AFL-CIO ilichangia ujenzi wa Solidarity House, makao ya shirikisho la wafanyakazi wa Kenya lililoongozwa na Tom Mboya.