Shoka la kuchongea likipata pengo, usikimbilie grainda

Juni na Julai, baridi ikishika Mafinga na Njombe, kila nyumba inapasua kuni, na hapo ndipo mashoka ya kuchongea yanapoharibika. Mtu anataka kuni za haraka, anaona shoka limeegemezwa ukutani, anabeba. Makali ya kuchongea ni membamba. Yakikosa gogo yakatua kwenye jiwe, au yakakuta msumari ndani ya mbao ya zamani, yanatoka na pengo. Mimi huchonga miko, vinu na vigoda, na mashoka ya namna hiyo naletewa kila mwaka. Yaliyonitoa jasho kuliko yote si yale yenye mapengo makubwa, ni yale yaliyopitishwa kwenye grainda kabla hayajanifikia.

Ugumu wa shoka umetokana na moto. Mhunzi alikipasha chuma hadi kikawa chekundu, akakizima ghafla, kisha akakipasha tena kidogo ili kisivunjike ovyo. Grainda ikitulia sehemu moja kwa sekunde chache, ukingo ule mwembamba unapashwa upya, safari hii bila mpango. Utauona ukibadilika rangi: njano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, halafu kahawia, zambarau, na karibu na nyuzi 300 buluu. Ukishaona buluu, pale pamelainika kupita kazi ya kuchonga. Shoka litang'aa, litanyoa hata nywele za mkono, lakini kabla mwiko haujaisha makali yameshajikunja. Mwenye shoka atalaumu vyuma vya siku hizi, na chuma chenyewe kilikuwa kizuri tu.

Kwa hiyo mimi natumia tupa. Tupa bapa ya kawaida, iliyo kali, haiwezi kuunguza chuma hata ukitaka. Pia inakupa habari. Ikiteleza juu ya makali bila kuuma, chuma ni kigumu mno na kitameguka tena. Ikila kwa urahisi kama unakwangua msumari, kimelainika. Shoka zuri huumwa na tupa kidogo, kwa kulalamika.

Kabla ya kuanza, amua kama pengo linastahili kuondolewa. Hapa watu wengi wanapoteza chuma bure. Pengo la milimita moja kwenye pembe ya makali, liache. Kila ukinoa litapungua lenyewe, na kazi haitalihisi. Lililo katikati ndilo la kushughulikia, kwa sababu kila pigo litaacha mstari juu ya mti, na mstari huo utausugua kwa msasa mpaka uchoke.

Lifunge shoka kwenye jiliwa. Huna jiliwa, libane kati ya magogo mawili kwa kabari, bora lisicheze. Vaa glavu. Sasa usianze kutafuta makali. Laza tupa juu ya ukingo wenyewe bila kuiinamisha upande wowote, piga kufuata mviringo wa shoka kutoka pembe hadi pembe, mpaka pengo liishe. Ndiyo, unalifanya liwe butu kabisa. Ukilitazama kwenye jua utaona mstari mweupe unaong'aa kwenye ukingo wote. Mstari huo ndio dira yako. Ukianza kupiga tupa kwenye mashavu ya makali, huku na huku kwa zamu, mstari unazidi kuwa mwembamba. Penye mstari mnene, ongeza, ulipokwisha, acha. Makali ya kweli hayarudishi mwanga.

Tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Ukirudi, inyanyue. Kuiburuta nyuma kunaua meno yake, na kila mara isafishe kwa brashi ya waya.

Kuhusu mlalo wa makali, kuchonga kunataka nyuzi 25 hadi 30, ukijumlisha pande zote mbili. Kwa msindano na miti mingine laini kaa kwenye 25. Kwa mninga au mkaratusi mkavu nenda 30, la sivyo utarudi na pengo jipya wiki hiyohiyo. Kupima si lazima uwe na chombo. Chukua kona ya karatasi, ikunje sehemu tatu zilizo sawa: hiyo ni nyuzi 30. Kata kipande cha katoni chenye uwazi wa kiasi hicho, kiwe kipimo chako. Na ukipaka mashavu ya makali wino wa maka peni kabla ya kila zamu, utaona tupa inagusa wapi na inaruka wapi.

Baada ya tupa ni kinoo, upande wenye chenga kubwa kwanza, halafu ule laini, kwa maji. Sogeza kwa miduara midogo. Utahisi kwa kidole uzi wa chuma umejikunja upande wa pili. Geuza, uondoe, geuza tena, kila mara kwa nguvu ndogo zaidi. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta shoka kinyumenyume ili lisikate mkanda. Kisha lijaribu kwenye banzi la msindano, kwa kukata kukingama nyuzi za mti. Kwa Mufindi mabanzi hayakosekani. Miti laini ndiyo hakimu mkali: makali butu huiponda na kuacha manyoya, makali mazuri huacha uso laini unaong'aa.

Shoka likiwa limeshaingia buluu, piga tupa mpaka uvuke rangi yote. Ikiwa imeingia ndani sana, mpelekee mhunzi alizime upya. Akitaka kujua kama joto limefika, sumaku ya spika mbovu itamwambia: chuma kikiacha kushika sumaku, kipashwe kidogo zaidi, kisha kizimwe kwenye oili. Mashoka mengi ya wahunzi wetu yametokana na springi za magari, na chuma hicho ukikitumbukiza kwenye maji baridi kinaweza kupasuka. Baadaye kipashwe taratibu mpaka kipate ile njano inayoelekea kahawia.

Kutu ni jambo dogo. Loweka bapa la shoka kwenye siki usiku mmoja, sugua, suuza kwa maji ya magadi ili asidi iishe, kausha, paka mafuta.

Mpini ndio unaosahaulika. Kipande kilichovunjikia ndani ya tundu kitoe kwa kutoboa na kugonga, usikichome kwenye mkaa. Joto la mkaa litasafiri hadi kwenye makali. Mpini mpya uwe mkavu, nyuzi zake zikienda moja kwa moja toka juu hadi chini. Mpera unanifaa sana. Shoka la kienyeji, lile ambalo chuma kimepenya kichwa cha mpini, halina kabari, lenyewe hukaza kila unapopiga. La dukani likilegea wakati wa kiangazi, watu hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Linakaza kwa siku mbili tatu, lakini mti uliovimba ndani ya tundu umejiponda wenyewe, na ukikauka unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Toa kabari, gonga kitako cha mpini ili bapa lishuke, ingiza kabari nene zaidi, kata kinachobaki juu.